Bastola mpya inakwama? Usikimbilie kuirudisha dukani

Jamaa yangu wa biashara ya mbao Mafinga alinunua bastola ya milimita 9, leseni mkononi. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha ikakwama mara 4 katika risasi 50. Alinuna hadi Iringa mjini. Nikamwonyesha hivi.

Kwanza kabisa toa magazini (kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini), ndipo uvute slaidi (chuma cha juu kinachoteleza mbele na nyuma). Ukianza na slaidi unaingiza risasi nyingine. Tazama chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa) kwa macho, kisha ipapase kwa kidole.

Pili, grisi ya kiwandani. Huwekwa kuzuia kutu ghalani, si kwa ajili ya kupigia. Kwa baridi ya Makete mwezi wa sita inakuwa ugali. Fungua bastola kwa kufuata kitabu chake, futa yote, weka tone la mafuta mepesi kwenye reli za slaidi. Chemba iwe kavu.

Tatu, magazini, na hapa ndipo penye ugonjwa mara nyingi. Zitie alama, A na B. Ikikwama kwa A tu, bastola haina kosa. Springi ya magazini ikiwa bado ngumu, punguza risasi 1 au 2.

Nne ni mkono wako, na hapa watu hukasirika. Slaidi hurudi nyuma kwa nguvu ya mlipuko, lakini lazima bastola iwe na pa kuegemea. Kifundo cha mkono kikilegea, slaidi haifiki mwisho na ganda la risasi iliyopigwa linabanwa likiwa limesimama kama bomba la moshi. Mpe mzoefu apige. Isipomkwamia, umeshajua. Yule wa Mafinga ugonjwa wake ulikuwa huu.

Mwisho badilisha aina ya risasi. Bastola nyingine hutulia baada ya risasi 200 hivi.

Mlio ukiwa hafifu, acha papo hapo: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na ya pili inaweza kuupasua. Ukivuta kifyatuo isilie, ielekeze kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kuigusa.

MASWALI

Mkuu, fundi wa kuchomelea hapa Mwanjelwa anasema atasugua mdomo wa chemba kwa msasa.
– Usithubutu! Chuma kikishatoka hakirudi. Muulize aliyekuuzia.

Mimi ni mama, slaidi ni ngumu, siiwezi.
– Usiivute, dada. Ishikilie imara karibu na kifua, kisha sukuma mpini mbele kwa mkono mwingine. Mtutu usigeuke pembeni.

Naweza kuijaribia shambani kwangu Makambako?
– Kwanza uliza polisi wa wilaya yako. Leseni ya kumiliki siyo ruhusa ya kupiga popote.

Kaka, mimi nilipaka mafuta ya alizeti, yapo tele nyumbani.
– Basi tumeupata ugonjwa. Yale hunata yakikauka. Futa yote, kaanzie hatua ya pili.