Miguu Kunuka: Maji Unayo, Kitambaa Huna

Chumba cha kusalia cha wafanyakazi, hapa Nungwi kwenye hoteli ninapofanya kazi ya ulinzi, kina safu nne tu. Imamu wetu, ambaye mchana ni fundi bomba, kabla ya kuhirimia husema, "Songeleaneni, zibeni mianya." Watu husongeleana. Mwezi mzima nikawa naona mwanya mmoja hauzibwi, nao si wa kushoto kwangu wala wa kulia. Ulikuwa nyuma yangu. Aliyewahi kusali safu ya pili anajua sababu bila kuambiwa: ukisujudu, pua yako na nyayo za aliye mbele yako haziachani sana.

Hakuna aliyenambia. Watu wetu wana haya, watakukimbia kimyakimya kuliko kukutia aibu. Aliyenambia ni bibi yangu wa Konde, nilipokwenda Pemba kwa Idi. Nimevua viatu mlangoni, sijakaa hata kitako mkekani, akanitazama. "Mume wangu," (ndivyo anavyotuita wajukuu wote wa kiume) "umekuja na ng'onda, mbona hutoi mkobani tukawapika?" Ng'onda ni samaki waliokaushwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi naosha miguu kuliko watu wengi. Zamu yangu ni kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Humo ndani zimo Magharibi, Isha na Alfajiri. Kila sala natawadha, napitisha kidole baina ya vidole kama tulivyofundishwa chuoni, halafu nikitoka kazini naoga. Mtu wa kuosha miguu mara nne kati ya jioni na asubuhi anukeje?

Nikaenda kituo cha afya. Yule daktari, kijana mdogo, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza suali moja: "Unaosha vizuri. Unakausha na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa natawadha, nasali, navaa soksi na miguu ina majimaji, natia ndani ya buti, nafunga kamba mpaka juu, natembea. Mara tatu kwa zamu nilikuwa natia maji ndani ya buti kwa mkono wangu mwenyewe.

Alinieleza hivi. Miguu miwili ya mtu inakadiriwa kuwa na tezi za jasho 250,000. Jasho lenyewe, likitoka tu, halina harufu ya maana. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaoishi juu ya ngozi. Wanakula jasho na ngozi iliyokufa, na katika kula huko wanatoa asidi, moja yao inaitwa asidi ya isovaleriki, ambayo ndiyo ile harufu ya uvundo uliochacha, kama ya jibini. Bakteria hao unao, ninao, hata imamu anao. Wakipata joto, giza na unyevu huzaliana. Buti la mlinzi lina vyote vitatu, na hapa kwetu kaskazi ikivuma, hewa yenyewe ni mvuke.

Jambo la jibini nililiamini baadaye. Usiku mmoja mpishi alifungua jibini la Kizungu lililoletwa kwa ajili ya wageni, nami nikainama kutazama buti langu. Wapishi wakacheka. Lakini si uongo: lipo jibini linaloitwa Limburger linalowivishwa kwa bakteria wa jamaa moja na hawa wa miguuni. Watu wanalipa fedha kwa harufu niliyokuwa nikiibeba bure.

Kwa hiyo nianze na kitambaa, maana mengine yote bila ya hiki ni kujisumbua. Mimi nilichana kanga moja kuukuu ya mke wangu vipande sita. Kanga iliyofuliwa sana hunywa maji kuliko taulo jipya. Kila siku natia vipande vitatu mkobani. Nikishatawadha nafuta unyayo, nafuta juu, kisha naingiza ncha ya kitambaa baina ya kila kidole, hasa kile kidogo na jirani yake, hapo ndipo unyevu hukaa. Halafu sivai soksi. Navaa champali, nasali, nakaa kidogo dakika tano au kumi nikizungumza na watu, ndipo navaa. Mkubwa wa zamu mwanzo alinuna kuona nachelewa getini. Nilimwambia achague, dakika kumi au ng'onda. Akachagua.

Soksi nabeba jozi mbili za ziada. Nabadilisha baada ya Isha na baada ya Alfajiri. Za pamba ni nzuri kuliko zile nyembamba za nailoni zinazong'ara, lakini pamba nayo ikishashiba jasho hukaa nalo, kwa hiyo pamba bila kubadilisha si dawa. Na zifuliwe zikiwa zimegeuzwa nje ndani, kwa sababu uchafu uko upande wa ngozi. Sisi hatuna mashine, nachemsha maji, nayamwaga juu ya soksi ndani ya ndoo na sabuni, naziacha mpaka yapoe, ndipo nafikicha. Kipimo changu ni hiki: soksi kavu ikinukia vizuri, itie maji kidogo uinuse tena. Ikirudisha uvundo, haijatakata. Kisha uanike juani, usianike chumbani uvunguni mwa kitanda kama tulivyozoea watu wa mabwenini.

Buti ndilo lililonisumbua. Vitabu vitakwambia uwe na jozi mbili ubadilishe siku kwa siku, ili kila moja lipate saa 24 au zaidi za kukauka. Kampuni imenipa jozi moja. Basi nikitoka zamu, kabla ya chai, kabla ya chochote, nalegeza kamba zote, nauvuta ulimi wa buti nje kabisa, natoa soli ya ndani. Soli naiegemeza ukutani juani. Ndani ya buti najaza magazeti yaliyokunjwakunjwa, baada ya saa mbili nayatoa yamelowa, natia mengine. Wengi wetu hatujui kama soli ya ndani inatoka. Nilipoitoa yangu mara ya kwanza ilikuwa nyeusi, ina utelezi, nikaitupa. Nikakata mpya kwa kipande cha boksi la maji, nikachora kwa kufuata unyayo wangu. Boksi hunywa jasho zamu moja, asubuhi unalitupa unakata jengine. Mpaka nilipopata fedha ya soli ya dukani nilikwenda hivyo miezi miwili.

Masika ni habari nyengine. Jua hakuna, kila kitu kinaota ukungu. Hapo buti huliweka mbele ya feni, kwenye kiti, mdomo ukielekea upepo. Usilitie karibu na moto, gundi huachia.

Sasa dawa za kuloweka. Nimejaribu nyingi kwa sababu kila uliyemgusia ana yake.

Chai ya rangi imenifaa. Vijiko viwili vikubwa vya majani ya chai katika nusu lita ya maji, yachemke dakika 15, uchuje, umimine kwenye beseni uongeze lita 2 za maji baridi. Loweka miguu dakika 20 mpaka 30, kila siku kwa wiki moja. Ndani ya chai mna tanini, ile inayokukausha ulimi ukinywa chai nzito, na ngozi nayo huikaza hivyo hivyo. Nyayo zitageuka rangi kidogo, usishtuke. Usitie sukari wala maziwa. Nasema kwa sababu yupo aliyeniuliza.

Siki pia inafanya kazi, kikombe kimoja kwa viwili vya maji, dakika 15, kwani bakteria wale hawapendi uchachu wake. Lakini mimi nina magaga visiginoni, na siku ya kwanza niliruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ukiwa na nyufa au kidonda, siki iache jikoni.

Bibi alinipa shabu. Kipande cheupe kama barafu, zamani wanyozi walikuwa wakipaka kidevuni baada ya wembe. Unalowesha unyayo, unausugua na shabu, unaacha ukauke wenyewe bila ya kusuuza. Nilidhani ni mambo ya wazee, daktari akanambia shabu ni chumvi ya aluminiamu, na dawa za dukani za kuzuia jasho la kwapa nazo zimetengenezwa kwa chumvi za aluminiamu. Zinatumika kabla ya kulala, miguu ikiwa imeosheka na kukauka, kwa kuwa mtu aliyelala hatoki jasho jingi na dawa hupata nafasi ya kukaa. Usiku wangu mimi ni saa tatu asubuhi, basi napaka saa hiyo.

Dodoki mara mbili kwa wiki, visiginoni na chini ya vidole, kuondoa ngozi iliyokufa ambayo ndiyo chakula chao. Usijichune.

Vilivyonishinda: poda, nikiitia nyingi inafanya uji ndani ya soksi, kidogo inasaidia. Karafuu nilitia ndani ya buti, na mimi ni Mpemba, siwezi kuisema vibaya karafuu, lakini iliyopatikana ni ng'onda wa karafuu. Harufu mbili. Mafuta ya makonyo, yaani ya vikonyo vya karafuu, usiyapake matupu kwenye ngozi. Mwenzangu alipaka, akashinda siku mbili bila ya kiatu. Ndimu nayo, wengi huisugua miguuni kisha wakavaa makubadhi wakatoka mchana. Maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza, na huacha mabaka meusi yanayokaa miezi.

Wiki ya pili hakuna kilichobadilika isipokuwa mimi mwenyewe sikuisikia tena harufu nilipovua. Wiki ya tatu alisimama mtu nyuma yangu, lakini alikuwa fundi wa umeme mgeni asiyenijua, simhesabu. Aliyehesabika ni mzee wa bustani, yule aliyekuwa akinihama waziwazi. Ijumaa moja usiku, sala ya Isha, nilisujudu nikasikia anakohoa karibu na visigino vyangu. Nikarefusha sijda yangu kidogo, Mungu anisamehe.

Mwenzangu wa chumbani alifuata haya yote, hata chai, na hakupona. Mtu wa namna hiyo asiendelee kuhangaika na beseni. Yeye alikuwa na vitundu vidogo vidogo chini ya nyayo, kama vilivyochomwa kwa sindano, vinavyoonekana zaidi mguu ukilowa, ngozi ikawa nyeupe. Huo ni ugonjwa wa bakteria wanaoitafuna ngozi ya juu, na alipewa dawa ya kupaka ya kuua bakteria. Mwengine huwashwa baina ya vidole, ngozi imekuwa nyeupe, laini, inabanduka: hiyo ni fangasi, na krimu ya klotrimazoli ya duka la dawa ndiyo yake. Isome karatasi yake, na usiache siku muwasho unapokoma, endelea mpaka muda ulioandikiwa uishe, maana fangasi hujificha. Siki na shabu juu ya ngozi iliyobanduka zitakutesa tu.

Na mwenye kisukari asiloweke miguu hata kidogo, si kwa chai wala siki wala maji ya moto. Mama yangu anacho. Miguu yake haisikii sawasawa, aliwahi kuungua malengelenge kwenye beseni la maji ambayo yeye aliyaona ya vuguvugu. Sasa anaosha kwa maji aliyoyapima kwa kiwiko, anakausha kwa kanga, na kila jioni anatazamwa nyayo, kama pana mchubuko, wekundu au kidonda, kwa sababu mwenyewe haoni chini tena. Anayemtazama ni binti wa dada yangu, ana miaka tisa, anashika tochi ya simu na kuhesabu vidole kwa sauti mpaka kumi.