Tangi la darini ndani ya OpenModelica

Mimi ni fundi wa mifereji, Langoni, Lamu. Maji yetu hutoka visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga, yakapandishwa tangini darini. Kila mwenye nyumba huniuliza: likijaa, na mfereji ukaachwa wazi, litakauka baada ya muda gani?

Mpwa wangu akaniwekea OpenModelica. Ni programu ya bure ya kuiga kwa milinganyo jinsi kitu kinavyobadilika kadiri muda unavyopita, chimbuko lake Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi. Fungua OMEdit, dirisha lake la kuandikia, anzisha modeli mpya, ingia upande wa maandishi, uandike:

model Tangi
  parameter Real A = 1;
  parameter Real a = 0.000127;
  Real h(start = 1, fixed = true);
equation
  A*der(h) = -a*sqrt(2*9.81*max(h, 0));
end Tangi;

A ni eneo la kitako cha tangi la lita 1000, kimo mita 1, kwa mita za mraba. Herufi ndogo a ni eneo la tundu la nusu inchi. h ni kina cha maji, na der(h) ni kasi ya kina hicho kubadilika.

Waliozoea programu nyingine hukwama kwenye =. Hapa si amri ya kutia kitu ndani ya kingine. Ni mizani tu: geuza pande zote mbili, jibu ni lile lile, kutafuta kisichojulikana ni kazi ya kompyuta. Wewe hakikisha milinganyo na visivyojulikana vinalingana idadi. Bonyeza "Check Model" uhesabiwe. Na usiiondoe ile max, inayochukua kubwa kati ya h na 0: maji yakikaribia kuisha, hesabu huteleza chini ya sifuri, na kipeuo (sqrt) cha namba hasi hakipatikani.

Nikabonyeza "Simulate". Maji yakawa hayajashuka hata milimita moja.

"Mjomba, umeipa sekunde moja!"

Kweli, "Stop Time", sekunde ya kumalizia, huja ikiwa 1. Weka 5000.

Sasa mstari ukateremka vizuri: nusu ya maji huenda kwa dakika 17 hivi, nusu ya pili hujikokota dakika 42, maana kina kikipungua msukumo nao hupungua. Jumla dakika 59. Nilipopima kwa saa ya simu, ikawa saa moja na robo. Kijipaipu kifupi cha kutolea maji huyabana. Zidisha a kwa 0.8, utapata dakika 74.

Jana nimeongeza Real q, maji yanayoingia, nikasahau kuiandikia mlinganyo wake. "Check Model" imenijibu: mlinganyo 1, visivyojulikana 2.