Triathloni yako ya kwanza Unguja: tizama mwezi kwanza, baskeli baadae

Mara ya kwanza tulipofanya triathloni Paje tulikuwa watu saba, tumejipangia wenyewe, hakuna medali wala jezi, na tulianza kwa kutembea. Tulipanga kuingia baharini saa moja asubuhi, mwenzetu mmoja akacheleweshwa na daladala, tukamsubiri maana yeye ndiye mwenye pampu, ikafika saa mbili, na siku hiyo ilikuwa mwezi kumi na tano kwa kuhesabu toka mwandamo, yaani mwezi mpevu. Tukavaa miwani, tukahesabu moja mbili tatu, tukakimbilia baharini kwa kishindo, maji magotini. Mzee mmoja alokuwa anaziba ngalawa yake pale akatuuliza, "Wanangu, mnakwenda kuchokoa pweza?"

Kwa hiyo mie sitaanza na aina ya baskeli wala viatu kama wanavyoanza wengine, ntaanza na maji.

Lakini kwanza kwa asiyejua: triathloni ni kuogelea, kupanda baskeli na kukimbia, kwa mfululizo huo, na saa haisimami hata ukiwa umekaa chini unavaa soksi. Mchezo wenyewe si wa kale, ulianza San Diego kule Marekani mwaka 1974 na ukaingia Olimpiki mwaka 2000 Sydney. Ya Olimpiki ni mita 1500 za kuogelea, kilomita 40 za baskeli na kilomita 10 za kukimbia. Usianze na hiyo. Anza na ile fupi wanayoita sprinti, yaani mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, ambayo mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto anaweza kujitayarisha kwa miezi mitatu bila ya kugombana na mkewe.

Haya, maji. Sote tunajua bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, lakini ukishaingia kwenye mambo ya michezo unasahau, unapanga tarehe kwa kalenda ya ofisini, Jumapili ya mwisho wa mwezi, basi. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanakupwa saa nne. Sasa ukianza mbio saa moja ndo yanakimbia hayo, na pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, yakikimbia yanakwenda mpaka kule kwenye mwamba, unabaki na mchanga na mwani na vile viumbe vyenye miiba mirefu myeusi ambavyo ukikanyaga kimoja mbio zako zimekwisha siku hiyo. Kila siku maji yanachelewa, chukua wastani kama dakika hamsini. Kwa hiyo ukitaka yajae kwenye saa moja asubuhi, tafuta siku tatu nne baada ya bamvua, mwezi nne au tano, au kumi na nane mpaka ishirini. Halafu usiniamini mie, nenda kamuulize mvuvi wa pahala hapohapo, au fungua jaduweli ya maji kwenye simu, au fanya vyote viwili kama tunavyofanya sisi siku hizi. Ukipatia, unaingia maji yamesimama, hayavuti huku wala kule, unaogelea kama kwenye bwawa la hoteli.

Ukishindwa kabisa na tarehe, nenda Nungwi au Kendwa, kule hata maji yakikupwa unapata kina cha kuogelea. Ila Paje ina raha yake na barabara yake, ntakuja huko.

Na upepo pia. Kusi na kaskazi zote zinapiga pwani ya mashariki, ndo maana wale wa tiara za baharini wamejaa Paje misimu yote miwili. Wakati mzuri ni maleleji, kusi imeshalala na kaskazi haijaamka, na siku yoyote ile asubuhi ni bora kuliko mchana. Ukifanya Januari au Februari jua la saa tatu litakupiga mpaka ujute, Juni na Julai kuna baridi kidogo lakini bahari inachafuka. Chagua mwenyewe taabu yako.

Sasa tuje kwenye kuogelea kwenyewe, na hapa ndo penye ugomvi, maana kila mtoto wa Unguja atakwambia anajua kuogelea. Mie nimekulia Kikwajuni, nikiruka Forodhani na wenzangu toka niko skuli, nachupa kwa kichwa, nazama, naibuka, najiona samaki. Siku nilojaribu mita 750 bila ya kusimama niliishiwa pumzi kabla sijafika 150. Kuchupa si kuogelea. Sisi tumejifunza kuogelea kichwa juu, miguu inazama, mikono inapiga maji kama mtu anafukuza mbu, na kila pigo linakula pumzi. Unachohitaji ni kujifunza fristaili upya kama mtoto: uso ndani ya maji, toa pumzi ukiwa ndani ya maji kidogokidogo, geuza uso pembeni uvute, rudi ndani. Kosa langu lilikuwa kubana pumzi nikiwa ndani halafu nitoe na nivute zote mara moja nikiinua kichwa, haiwezekani, utameza bahari. Nikakaa wiki mbili nzima nimesimama kwenye maji ya kifuani napuliza mapovu tu, watoto wananicheka. Baada ya hapo mita 200, halafu 400, kila Jumapili naongeza kidogo, na nilipofika 800 bila ya kusimama nikajua ntamaliza.

Mambo ya bahari ambayo bwawa halikufundishi: jifunze kuinua macho kila mapigo kumi hivi utizame mbele, uchague kitu kirefu nchi kavu, mnazi uloinama au mnara wa msikiti, usitizame chombo maana chombo kinageuka na maji. Ukichoka, lala chali uelee, hakuna atakayekukata alama. Usiogelee peke yako, hili sina mzaha nalo, sisi tunalipa mtu wa ngalawa atufuate taratibu na tunafunga dumu la manjano la lita tano kwa kamba na jiwe kuwa ndo boya la kugeukia. Na jihadhari na mashamba ya mwani. Paje wanalima mwani toka 1989 na vile vigingi na kamba ni riziki ya mama zetu, pitia mbali, ukinasa mguu simama ujinasue polepole, usivute kamba ya mtu. Ukiumwa na yavuyavu usisugue, osha kwa maji ya bahari hiyohiyo, na kama pumzi inabana toka, mbio zipo mara yengine. Zile suti za mpira wanazovaa wazungu kwenye mitandao hatuna haja nazo, bahari yetu ina joto. Suruali ya kubana inayokauka haraka inatosha kwa michezo yote mitatu, na kina dada wa kundi letu wanaogelea na burkini, wakitoka wanapanda baskeli nayo hivohivo.

Ukitoka majini unakwenda pahala ulipoacha baskeli, na muda unaotumia hapo unahesabiwa. Mie mara ya kwanza nilikaa dakika sita. Sita! Mchanga miguuni, soksi haiingii, nikavaa kiatu na mchanga wake, na kufika kwenye kukimbia nilikuwa na malengelenge mawili kama bajia za dengu. Siku hizi naweka kindoo cha maji na kata, naosha miguu, viatu nimeshavitia poda ya mtoto na kamba za lastiki nisifunge, soksi sivai kabisa. Chini natandaza kanga ya rangi kali ili niione toka mbali, maana ukitoka baharini kichwa kinazunguka na baskeli zote zinafanana. Na helmeti: ivae na uifunge chini ya kidevu kabla hujaiondoa baskeli pahala pake. Hiyo ni sheria ya mchezo dunia nzima, na hata kama mko saba tu na hakuna refa, ishikeni.

Baskeli yoyote inayokwenda inafaa. Kweli. Mwenzetu mmoja alifanya na Phoenix ya baba yake, ile nyeusi nzito yenye kereli nyuma, na alimaliza mbele yangu mie nilokuwa na ya gia, kwa hiyo usikope pesa kwa ajili ya baskeli ya resi. Kilicho muhimu ni fundi aitizame wiki moja kabla, si siku moja kabla: breki, mnyororo utiwe mafuta, tairi zisiwe zimepasuka pembeni. Chumvi ya bahari inakula chuma, ukishaipeleka pwani ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Beba tyubu moja na pampu ndogo na ujue kubadilisha mwenyewe, jizoeze uani kwako usiku mmoja huku unaangalia mpira.

Njia tunayotumia sisi ni Paje kwenda Bwejuu mpaka Michamvi na kurudi, kama kilomita 10 kwenda, lami, haina vilima. Na hapa sikiliza. Ile barabara inakwenda kaskazini. Wakati wa kusi unakwenda na upepo mgongoni, unaruka, unajiona bingwa wa dunia, unapita watu, unawapungia mkono. Halafu unageuka. Wallahi nilipogeuka Michamvi nilidhani breki imekamata tairi, nikasimama kutizama, haijakamata, ni upepo. Walionipita wote walikuwa wale nilowapungia mkono. Kwa hiyo kwenda jizuie hata kama miguu inataka, weka nguvu za kurudi. Kaskazi ikiwa inapiga ni kinyume chake, unateseka kwanza na kurudi ni starehe, mie napenda hivyo zaidi.

Mazoezi ya baskeli ukikaa mjini, toka alfajiri baada ya sala, barabara ya Dunga kwenda Chwaka ni nzuri kabla magari hayajawa mengi. Ukipitia ya Jozani angalia matuta, yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaokatiza njia, ukiyavamia kwa kasi utaanguka mbele ya kima na watakutizama tu. Daladala inasimama popote abiria alipo, usiifuate nyuma kwa karibu. Gari ya ng'ombe haina taa. Vaa kitu cheupe.

Kukimbia ndo kila mtu anadhani anakuweza, na kweli kilomita 5 si nyingi, sema hujawahi kukimbia na miguu ya mtu mwengine. Ndivo inavyokuwa ukishuka kwenye baskeli, miguu si yako, magoti yanataka kuendelea kuzunguka, mita 500 za mwanzo unakwenda kama bata. Inapita. Dawa yake ni mara moja kwa wiki kuunganisha: panda baskeli kwa muda wa saa moja, shuka, hapohapo kimbia dakika kumi tu, usiingie ndani kunywa chai kwanza. Mie nilikuwa namalizia viwanja vya Maisara, nafunga baskeli kwa mlinzi nakwenda. Siku ya mbio maji bado yatakuwa juu kwa hiyo mchanga mgumu utakuwa mwembamba, fuata ule mstari wa unyevu au kimbia barabarani kuelekea Jambiani, usijitie kwenye mchanga mlaini utakumaliza mapaja.

Chakula. Usiku kula wali au muhogo na samaki wa kuchoma, mapema, usile urojo, najua unapita Forodhani na unanukia, usile, pilipili na embe mbichi zitakufuata baharini. Asubuhi, masaa mawili kabla ya mbio, uji na ndizi mbivu au boflo na chai ya sukari. Juu ya baskeli tende tatu nne ndani ya mfuko, ni bora kuliko zile pakti za madukani na ni rahisi, na chupa ya maji umetia sukari na chumvi kidogo. Kunywa kabla hujasikia kiu. Mwezi wa Ramadhani sisi hatuachi ila tunapunguza, tunakimbia taratibu nusu saa kabla ya futari, kuogelea tunaacha kabisa maana maji yanaingia mdomoni na hatutaki masuala.

Ukimaliza usikae chini palepale, tembea, kunywa dafu, kula. Sisi mara ya pili, ile ya mwezi tano wa mwandamo, tulimaliza wote saba, nilitumia saa mbili na dakika nane, tukakaa chini ya mti wa mkungu tunakula na kuongopeana nani alimpita nani mpaka saa tano. Nikainuka nikasema nikatie miguu baharini ipoe. Bahari haipo, imeshakwenda zake, na dumu letu la manjano limelala juu ya mchanga na jiwe lake, na mama mmoja wa mwani amekaa juu yake anapumzika.