Kutengeneza skima ya kuengua povu kwa tangi la maji chumvi la lita 30

Lile povu zito la hudhurungi linaloachwa ufukweni wakati wa kusi, bahari ikichafuka, ni protini na mabaki ya viumbe yaliyonata kwenye viputo vya hewa. Skima hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya bomba. Viputo vidogo hupanda, uchafu ulioyeyuka hushikamana navyo kwa kuwa upande mmoja wa molekuli zake hupenda maji na upande wa pili huyakimbia, na povu linamwagikia koponi badala ya kurudi tangini. Uchafu unatoka kabla bakteria hawajaugeuza kuwa amonia na hatimaye naitreti. Kwenye maji yasiyo na chumvi kifaa hiki hakifai, maana huko viputo huungana haraka vikawa vikubwa.

Tangi likiwa chini ya lita 20, usijisumbue. Kubadilisha lita 2 za maji kila wiki kutakusaidia zaidi. Kuanzia lita 25 hivi skima inaanza kulipa, hasa ukiwa na samaki wawili watatu na matumbawe.

Vipimo vya hapa ni vya tangi la sm 40 kwa 25 kwa 30, maji yakiwa na kina cha sm 26. Lako likiwa na kina kingine, shika kanuni moja: mwili wa skima uzidi uso wa maji kwa sm 2.

Vifaa:

- bomba la PVC la inchi 2, urefu sm 28, na kofia yake moja
- bomba la nusu inchi, sm 30, na elbo mbili
- chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita na kizibo chake
- kopo la plastiki la nusu lita lenye mfuniko
- sirinji ya mililita 20
- mpira wa dripu wenye kigurudumu cha kubana, seti mbili
- pampu ya hewa yenye midomo miwili
- kipande cha mti, sm 1.5 kwa 1.5 kwa 4
- gundi ya bomba, ukanda wa tyubu ya baiskeli, mshipi wa kuvulia

Nenda dukani na kile kipande cha bomba mkononi, uchague chupa inayovaa juu yake kwa kubana kidogo. Mabomba na chupa hazina kipimo kimoja, na chupa inayocheza ndiyo chanzo cha uvujaji wote wa baadaye. Usinunue koki wala kiungo cha shaba, hata kidogo kiasi gani: shaba ikiyeyuka kwenye maji huua kamba na matumbawe.

Anza na mwili. Ziba chini kwa kofia na gundi. Pima sm 2 kutoka chini, toboa tundu moja linalopitisha bomba la nusu inchi kwa kubana, uligundishe kipande cha sm 3 hapo, kisha elbo inayotazama juu, kisha bomba la kupandisha maji linalofika usoni, na elbo ya pili juu yake ikimwaga tangini. Juu ya elbo ya chini, toboa tundu dogo upenyeze ncha ya mpira wa dripu wa kwanza. Hapo huhitaji jiwe la hewa (kijiwe chenye vinyweleo kinachogawa hewa kuwa viputo), viputo vikubwa ndivyo vinavyonyanyua maji. Kwenye mwili, sm 3 chini ya usawa wa maji ya tangi, toboa matundu manane ya milimita 8 kuzunguka. Hayo ndiyo mlango wa maji.

Sasa fuata njia ya maji kwa akili. Yanaingia juu, yanashuka yakipishana na viputo vinavyopanda, yanatokea chini na kurudishwa tangini na lile bomba jembamba. Kupishana huko ndiko kunakokipa kila kiputo muda wa kubeba uchafu.

Kichwa ni chupa. Ikate sm 12 kutoka mdomoni, ubaki na sehemu ya juu. Toboa kitako cha kopo kwa msumari wa moto, upanue tundu kwa msasa hadi shingo ya chupa ipite. Toboa pia kizibo katikati, tundu la karibu sm 2 litakalobana sirinji. Pitisha shingo kwenye kopo kutokea chini, kisha kaza kizibo kwa ndani: kopo linabanwa kati ya kola ya chupa na kizibo, bila gundi. Kata sirinji pande zote mbili, ubaki na bomba angavu la sm 6, ulisimamishe kwenye tundu la kizibo. Likicheza, zungushia tepu ya fundi bomba. Povu litapanda humo na kumwagikia koponi, nawe utaliona. Toboa mfuniko wa kopo tundu la milimita 3, maana hewa isipotoka, shinikizo litasukuma maji chini na povu halitapanda kamwe.

Jiwe la hewa la kawaida halitoshi, viputo vyake ni vikubwa mno. Mti ndio moyo wa kifaa hiki. Vinyweleo vya mti hufuata nyuzi zake, kwa hiyo kata kipande ili nyuzi zikatishe upana wake, si urefu. Toboa tundu la milimita 4 kutoka ncha moja, uishie sm 1 kabla ya ncha ya pili, uchomeke mpira wa dripu wa pili. Kitumbukize kwenye glasi ya maji na upulize: ukiona wingu jeupe kama maziwa likitoka pande mbili, umepata. Viputo vya kuhesabika vina maana umekata vibaya au mti haufai. Epuka msonobari kwa utomvu wake, na usiguse mwarobaini: una sumu ya wadudu, na kamba ni jamaa wa karibu wa wadudu. Mti wowote uloweke siku mbili kwanza. Ukitia maji rangi, tupa.

Mti huelea. Ufunge kijiwe kwa mshipi chini yake, ukae sm 6 kutoka kitako cha bomba, juu ya tundu la kutokea, la sivyo viputo vitavutwa kwenda tangini. Mpira wake upitishe kwenye tundu mojawapo la mlango wa maji.

Acha gundi ikauke saa 24, suuza kila kitu kwa maji yenye siki kidogo, kisha kwa maji matupu. Sabuni hapana, hata tone. Pampu ikae juu zaidi ya uso wa maji, maana umeme ukikatika maji hurudi kwa mpira hadi ndani ya pampu. Waya wake uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Washa. Upe mti hewa yote, na bomba la kupandisha ulirekebishe kwa kigurudumu cha dripu. Hapa ndipo wengi hukwama. Hewa hukimbilia penye njia rahisi, na mti una ukinzani mkubwa, kwa hiyo kigurudumu kikiwa wazi sana mti hunyamaza. Kikibanwa sana kosa hugeuka upande wa pili: maji ya ndani ya mwili, yakiwa mepesi kwa hewa, hupanda yenyewe na kutoka kwenye matundu ya juu badala ya kuingia. Dondosha chembe ya chakula karibu na matundu. Ikivutwa ndani, umepatia.

Siku tatu hadi saba za kwanza usitarajie kitu. Plastiki mpya na mafuta ya mikono huvunja povu. Baadaye ndani ya sirinji utaona povu la rangi ya chai likipanda polepole, likiacha tope kwenye ukuta. Povu likiwa jeupe na majimaji, inua kichwa cha chupa milimita 5. Likiishia njiani, kishushe. Ukanda wa tyubu, uliozungushiwa pale chupa inapovaa bomba la mwili, unaziba kiungo.

Usiridhike na kopo linalojaa maji meupe. Likitoa mililita 200 kwa siku kwenye lita 30 za maji, nawe ukifidia kwa maji matamu, chumvi itashuka kutoka 35 hadi karibu 33.4 kwa elfu ndani ya wiki moja. Maji yaliyotoka koponi hufidiwa kwa maji chumvi. Yaliyopotea kwa mvuke ndiyo hufidiwa kwa maji matamu.

Povu likizimika ghafla baada ya kulisha, ni mafuta ya chakula, litarudi baada ya saa chache. Likizimika bila sababu, futa sirinji kwa karatasi kavu, utando wake huangusha povu. Fanya hivyo kila siku mbili. Na viputo vikizagaa tangini, vika elbo ya juu kipande cha sponji, ukisuuze kila wiki kwa maji ya tangi lenyewe.

Mti huziba baada ya mwezi hivi. Chonga vitatu au vinne kwa mkupuo mmoja, na usiku wa kuamkia siku ya kubadilisha, loweka kinachofuata.