Viza ya kupita: kagua njia kabla hujafika kaunta

Kijana alikuwa na pasi ya Tanzania, viza ya Canada, barua ya chuo, ada imeshalipwa. Pale Uwanja wa Julius Nyerere dada wa kaunta akabofya, akasoma, akabofya tena, kisha akamrudishia pasi yake. Haendi. Tiketi nilimkatia mimi: Dar, Addis Ababa, Roma, Frankfurt, Toronto. Akanipigia simu: "Dada, si viza ninayo?" Alikuwa nayo ya kule anakokwenda, si ya kule anakopita. Shida ilikuwa kati ya Roma na Frankfurt, na kosa lilikuwa langu. Niliangalia bei, sikuangalia njia.

Tangu siku ile kila mteja namkagua hivi. Unaweza kujikagua mwenyewe, ilimradi iwe kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Andika kila mahali utakapotua. Chukua kalamu na karatasi. Jina la mji halitoshi, andika na uwanja. London kuna Heathrow na Gatwick, Paris kuna Charles de Gaulle na Orly. Ukishushwa kimoja na kupandia kingine, maana yake unaingia nchini, na hiyo ni viza nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Uliza begi linaishia wapi. Ukikata tiketi mbili tofauti kwa kufuata unafuu, mara nyingi begi huishia pale tiketi ya kwanza inapoishia. Kulifuata lazima upite uhamiaji.

Hatua ya 3: Hesabu viwanja vya Schengen. Hapa ndipo nilipoteleza. Nchi za Schengen, yaani Italia, Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na wenzao wa Ulaya, zimefuta ukaguzi wa mipakani baina yao, hivyo ndege ya Roma kwenda Frankfurt kwao ni kama ya Dar kwenda Mwanza. Uhamiaji unaupitia Roma, palepale unaposhuka. Kijana alihitaji viza ya kuingia Schengen. Hata ile ya kupita uwanjani isingemsaidia, kwa kuwa hiyo hukuruhusu kukaa upande wa abiria wa kimataifa tu, basi.

Angegusa Frankfurt peke yake kwa tiketi moja, asingedaiwa chochote. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya pamoja ya Schengen ya wanaotakiwa viza ya kupita uwanjani. Kongo ya Kinshasa, Somalia, Ethiopia na Eritrea zimo, ila mwenye viza hai ya Canada, Marekani au Japani husamehewa. Angalia pia nchi yenyewe unayopitia, kwani baadhi zina orodha zao za nyongeza.

Hatua ya 4: Zijue nchi zenye mambo yake. Uingereza inawataka wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wawe na viza ya kupita hata wasipotoka ndani ya uwanja. Msamaha upo kwa wenye viza hai ya Marekani, Canada, Australia au New Zealand, na una masharti yake, yasome. Marekani haina upande wa kupita: ukitua tu, unapita uhamiaji, hivyo utahitaji viza yao ya kupita, C-1, kama huna nyingine. Canada wana viza ya kupita isiyolipiwa, lakini lazima uiombe mapema.

Hatua ya 5: Soma anachosoma yule wa kaunta. Ni mfumo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, unaoitwa Timatic, na kwenye tovuti ya IATA kuna sehemu ya abiria kuuliza. Ingiza pasi utakayosafiri nayo na kila kituo, kwenda na kurudi. Kurudi watu husahau, wakati viza iliyokupa msamaha huenda imeshaisha. Na usidhani dada wa kaunta ana roho mbaya: Uingereza humtoza msafirishaji hadi pauni 2,000 kwa abiria mmoja asiye na hati sahihi.

Hatua ya 6: Ukikataliwa, usipandishe sauti. Uliza ni uwanja gani wenye shida na ni sharti gani. Omba msimamizi wa zamu. Kama una msamaha, mwoneshe maandishi yake. Kama wako sahihi, omba kubadilishiwa njia kabla kaunta haijafungwa, kwa sababu ukiandikwa kuwa hukutokea, mashirika mengi hufuta safari zote zilizobaki kwenye tiketi, hata za kurudi. Fidia usiitegemee, hata sheria ya Ulaya, EC 261, haimlipi aliyezuiwa kwa halali kwa kukosa hati.

Kijana tulimhamishia ndege ya Addis Ababa moja kwa moja hadi Toronto, akaondoka siku tatu baadaye. Tofauti ya nauli nililipa mimi.