Somo: Jinsi ya Kuchunguza Majumui ya Sauti za Lugha

Majumui ni sifa zinazopatikana katika lugha zote au karibu zote. Somo hili linamfaa aliyekwisha kuielewa dhana ya fonimu.

Hatua ya 1. Zipange fonimu za lugha unayoichunguza katika jedwali, kwa mahali pa matamshi na namna ya matamshi. Orodha ya alfabeti haifai, kwani huficha mapengo, yaani sauti zinazokosekana.

Hatua ya 2. Liandike dai lako kwa sharti. Madai ya kwamba kila lugha ina sauti fulani huanguka upesi: nazali, yaani sauti kama [m] na [n] ambazo hewa yake hupita puani, zimeenea mno, lakini Kirotokas cha kati, kisiwani Bougainville, hakina fonimu hizo. Dai la sharti, aina ambayo mwanaisimu Roman Jakobson aliitilia mkazo mwaka 1941, ni imara zaidi. Kwa mfano, lugha yenye irabu za nazali huwa na irabu za kinywa (zisizopitisha hewa puani) pia.

Hatua ya 3. Tafuta sababu kinywani; hapa ndipo wengi huharakisha bila ya haja. Chukua vipasuo, yaani sauti kama [p] na [b] ambazo hewa huzibwa kisha huachiwa ghafla. Kiarabu sanifu kina [b] lakini hakina fonimu /p/, ilhali Kithai kina [b] na [d] bila ya [g]. Mapengo haya hayakuangukia popote tu. Ili kipasuo kiwe ghuna, yaani kitamkwe kwa mtetemo wa nyuzi sauti, hewa lazima iendelee kupita kati ya nyuzi sauti. Katika [g] ulimi huziba kwenye kaakaa laini, nafasi iliyobaki nyuma yake ni finyu, hewa hujaa mara moja na mtetemo hukatika. Katika [b] nafasi ni kubwa na mashavu hutanuka. Ziba midomo uvumishe [b], kisha fanya vivyo hivyo kwa [g], nawe utasikia ipi inayokoma mapema. Nayo [p] hupasukia midomoni, mbele yake hakuna uwazi wa kuikuza, hivyo mlio wake ni hafifu.

Hatua ya 4. Linganisha lugha za familia mbalimbali. Mwanaisimu Ian Maddieson alitumia lugha 317 mwaka 1984. Lugha kumi za ukoo mmoja zingeonyesha urithi tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, irabu tano ni majumui?
Jibu: Hapana, ingawa mfumo huo ndio ulioenea zaidi. Kiarabu sanifu hutofautisha [a], [i] na [u], fupi na ndefu.

Swali: Mbona Kiswahili kina [g], kama ni ngumu hivyo?
Jibu: Ugumu huleta mwelekeo, hauleti katazo. Lugha nyingi zina [g]. Tunachotabiri ni kwamba, pakiwa na pengo katika vipasuo ghuna, aghalabu litakuwa hapo.