Somo: Kue ku, kobe wa mchele wa kunata apikwaye kwa mvuke

Somo la leo ni kue ku, kitafunio kitamu chenye umbo la gamba la kobe, ambacho Wachina wa Fujian, jimbo la kusini mwa China, walikwenda nacho Java, kisiwa cha Indonesia, na huko kikaungwa kwa tui la nazi. Kwa Kihokkien, lugha ya Wachina hao, kinaitwa ang ku kueh: ang ni nyekundu, ku ni kobe, kueh ni kitafunio. Nyekundu ni rangi ya heri na kobe ni ishara ya umri mrefu, ndiyo maana hupangwa madhabahuni katika mahekalu ya Kichina, ambayo Waindonesia huyaita klenteng, hasa siku ya 9 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina, inayoadhimisha kuzaliwa kwa Thi Kong, Bwana wa Mbingu wa Watao, wafuasi wa dini ya Kitao ya China. Hugawiwa pia kwa jamaa na majirani mtoto anapotimiza mwezi mmoja. Nayatanguliza haya ili mjue kwa nini nitawasumbua sana kuhusu moto: kobe ambaye gamba lake limefutika ni donge tu, na donge haliwekwi madhabahuni.

Vipimo vya kobe 20

Andaa gramu 250 za unga wa mchele wa kunata, gramu 150 za kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kilichochemshwa na kupondwa, gramu 50 za sukari, mililita 150 za tui zito, vijiko 2 vya mafuta, chumvi kidogo na matone machache ya rangi nyekundu ya chakula. Kwa kijazo, tafuta gramu 200 za choroko zilizokobolewa, gramu 120 za sukari, mililita 50 za tui na chumvi ya kuonja. Unga wa mchele wa kawaida haufai, hata uwe wa mchele mzuri wa Kyela, kwa sababu wanga wa mchele wa kunata ni amilopektini karibu mtupu, nayo ndiyo inayoufanya uvutike unapotafunwa.

Kijazo

Loweka choroko kwa saa 4, zipike kwa mvuke dakika 30, kisha uziponde zikiwa bado za moto. Zirudishe jikoni kwa moto mdogo pamoja na sukari, tui, chumvi na jani la pandani la kunukia lililofungwa fundo, ukikoroga kwa mwiko hadi zishikamane na kuachana na sufuria. (Pandani ni jamaa ya mkadi wetu, lakini si mmea uleule, kwa hiyo msiende kukata mikadi ya ufukweni, ukikosa pandani, tia vanila.) Kikipoa, viringa vidonge vya gramu 20.

Kukanda na kupiga chapa

Changanya unga na kiazi kikiwa bado na joto. Pasha tui moto hadi sukari iyeyuke, tia rangi na mafuta, kisha mimina kidogo kidogo huku ukikanda. Usilimimine lote kwa pupa, maana viazi havilingani maji. Nyofoa kipande, kibonyeze kiwe bapa kama sarafu, uangalie kingo zake. Zikipasuka, ongeza tui kijiko kimoja. Kikikung'ang'ania vidoleni, ongeza unga. Funika kwa kitambaa kibichi kwa dakika 20.

Chukua donge la gramu 30, litandaze kiganjani, weka kijazo katikati, ufunge na kuviringa hadi mshono usionekane. Lipake unga mkavu kidogo, ulishindilie ndani ya kibao chenye chapa ya kobe, kisha ugonge ukingo wa kibao mezani. Huko Java kitafunio hiki huitwa pia kue thok, na ukisikia mlio wa kibao utaona jina limekaa mahali pake. Kobe akidondoka, mlaze juu ya kipande cha jani la mgomba kilichobabuliwa motoni na kupakwa mafuta.

Mvuke

Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Mara yangu ya kwanza niliuacha moto mkali na kifuniko kimefungwa kwa dakika 15 nzima, na nilipofunua nikakuta kobe wangu wametandaa kama ndala, hakuna mstari hata mmoja mgongoni. Mvuke ukizidi, donge hulainika na kuvimba kabla halijashika umbo, na michoro hutanuka hadi ikapotea. Chemsha maji kwanza, punguza moto uwe wa wastani, ndipo upange kobe kwa nafasi. Funga kifuniko kwa kitambaa ili matone yasidondoke, na kila baada ya dakika 3 kifunue kwa muda wa pumzi mbili tatu ili mvuke upungue. Dakika 10 hadi 12 zinatosha. Wakitoka, wapake mafuta ya nazi wangali moto, kisha kata jani lifuate umbo la kobe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Muscat, sina kibao cha kobe. Je, kibao cha maamul, yale maandazi madogo ya Kiarabu yenye tende, kitafaa?*

Marahaba, mwanangu. Kitafaa sana, kwani nacho hugongwa mezani vilevile. Chagua chenye michoro iliyochimbwa kwa kina, kwa sababu michoro myembamba haiwezi kustahimili mvuke.

*Je, naweza kutumia maji ya bitiruti badala ya rangi ya dukani?*

Unaweza, ila rangi yake hufifia kwa joto na kuelekea kahawia. Binafsi ningekipika kiazi cha zambarau na kuukubali uzambarau wake.

*Samahani mwalimu, sisi Waislamu tunaruhusiwa kula chakula cha hekaluni?*

Hukumu ya kile kilichokwisha kutolewa sadaka hekaluni umuulize shehe wako, dada yangu, si mimi mpishi. Ninaloweza kusema ni kwamba nchini Indonesia kue ku huuzwa pia sokoni kama kitafunio cha kila siku, na vipimo vya somo hili havina mafuta ya mnyama. Ukinunua kwingine, uliza mafuta yaliyotumika.

*Wangu walikuwa laini jioni, asubuhi wakawa wagumu kama ubao. Nilikosea wapi?*

Uliwaweka kwenye friji, sivyo? Baridi huukaza wanga. Waache mezani wakiwa wamefunikwa na uwamalize siku hiyohiyo, maana kijazo chenye tui huchacha upesi. Waliobaki watie kwenye friji kwa kukubali ugumu huo, na kesho yake uwarudishe kwenye mvuke kwa dakika 5.